Uvimbe wa ukope unaorudi palepale

Juzi dada mmoja anayekaa Panzi, hapa Bukavu, alinitumia picha ya jicho lake. Ukope wa juu umetunga kitu kama punje ya maharagwe. «Yaya, nipake pomadi gani?» Swali lilelile niliwahi kuuliza mimi, nikajibiwa vibaya.

Nauza vitenge Kadutu. Changu kilianza kigumu, bila maumivu. Wenzangu wa meza wakacheka: chokea, umechungulia ya watu! Kumbe chokea huuma, huwa chekundu, na mara nyingi huisha kwa kukandwa na kitambaa cha maji ya moto kiasi. Kwenye kituo kimoja cha afya wakasema kalazioni, yaani tezi ya mafuta iliyoziba, haina hatari. Wakapasua, wakakamua, wakatupa. Kikarudi palepale. Wakapasua tena, wakatupa tena! Nimelipa mara 2 ili ushahidi wangu uende kwenye pipa la taka. Hadi leo nikipita mlango ule nageuza uso.

Mara ya 3 nywele za ukope zilikuwa zinadondoka penye uvimbe. Munganga wa macho, mama asiye na maneno mengi, aligeuza ukope, akanyamaza, akakata kipande, akakitia kwenye kichupa cha formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kiende kupimwa laboratuari. Jibu: kansa ya tezi za mafuta. Hiyo ndiyo hujifanya kalazioni, na hupenda ukope wa juu kwa sababu tezi zenyewe ni nyingi zaidi huko. (Miezi ya kutafuta pesa naiacha, mnaijua.) Walikata, wakashona upya. Jicho la kushoto limebaki dogo, wateja wanadhani nawakonyeza.

Sasa nisikilizeni. Mabaka ya manjano karibu na pua, kijifuko cha maji, chunjua: mengi ya hayo hayaui mtu. Lakini kidonda cha ukope wa chini kisichopona, kinachotoa damu na kufanya ukoko kila mara, kinaweza kuwa kansa ya ngozi inayokula taratibu. Wamama, pesa ya kusuka haikosekani, ya laboratuari ndiyo mnaililia! Uvimbe ukirudi mahali pamoja, kabla wembe haujagusa uliza: kipande kinaenda wapi? Uliza hata wakikununia. Mimi sikuuliza.

Dada wa Panzi, pomadi sikutajii. Jumatatu sifungui meza asubuhi. Nikute pale wanaposhukia watu wa taxi, twende wote kwa yule mama.