Moyo ukisimama, bonyeza kifua kabla ya kutafuta bajaji

Mimi ni nesi wa idara ya dharura hapa Dar, na kazi inayonichosha kuliko zamu ya usiku ni kumweleza ndugu kwa nini mgonjwa wake hakuamka. Ndugu ameshaona kwenye tamthilia: kifua kinabonyezwa kidogo, mashine inapiga shoti, mgonjwa anakohoa na kufumbua macho. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walizichambua tamthilia kama hizo za kwao, wakakuta robo tatu ya wagonjwa waliosimama moyo wanarudishwa. Hukohuko Marekani, pamoja na ambulensi zao zote, anayesimama moyo nje ya hospitali akapona na kurudi nyumbani ni kama 1 kati ya 10. Aliyeko wodini tayari, ni kama 1 kati ya 4.

Na wanaorudi hawaamki wakaagiza chai. Wanakwenda ICU, chumba cha mahututi, na mashine ya kupumulia, na wengine ubongo umeshaumia.

Halafu mbavu. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kizame sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mzee, ubavu ukikatika unausikia viganjani kabla ya masikioni, na bado unaendelea kubonyeza. Mama mmoja alinishika gauni akilia, "Mmemvunja mume wangu!" Ni kweli zilivunjika. Ubavu unaunga, jamani. Na ule mstari ulionyooka kwenye skrini, yaani moyo umetulia kimya, haupigwi shoti hata siku moja. Shoti ni ya moyo unaotetemeka ovyo.

Sasa msiseme basi haina maana. Wengi tunaletewa wakiwa wamechelewa. Damu isipofika kwenye ubongo, ndani ya dakika 4 hadi 6 unaanza kuharibika. Mtu kaanguka Mbagala, anamwagiwa maji usoni, ananusishwa kitunguu, anakunjwa kwenye bajaji, foleni ya Barabara ya Kilwa inamsubiri. "Alikuwa anapumua mpaka Mtoni, sista." Mara nyingi ile haikuwa pumzi. Ni kutwetatweta kwa kukatakata, kama samaki aliyetolewa majini, na moyo unakuwa umeshasimama.

Kwa hiyo mguse mabega, mwite kwa sauti. Haitiki na hapumui kawaida? Mlaze chali sakafuni (godoro linameza nguvu zako zote), kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, bonyeza kwa nguvu na haraka, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Mwingine apige 112 na atafute gari atakamoweza kulazwa chali. Pokezaneni kila dakika 2, maana inachosha kuliko kutwanga kisamvu. Kama hujui kupuliza mdomoni, achana nako. Ila kwa mtoto au aliyezama baharini, pumzi nazo zinahitajika sana.

Hatua hiyo ya mtu aliye karibu huweza kuongeza nafasi ya kupona mara mbili hata tatu. Waliokuwa kibanda umiza mwaka 2021 walimwona mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, akianguka uwanjani Copenhagen. Alibonyezwa na kupigwa shoti palepale kwenye nyasi, na mwaka uliofuata akarudi kucheza. Lakini alikuwa kijana, mwanamichezo, na madaktari walikuwa hatua chache tu.

Mzee mwenye saratani iliyosambaa, ambaye figo nazo zimegoma, ni habari nyingine kabisa. Huyo kumbonyeza mara nyingi ni kumuongezea maumivu, na ndugu wanaolilia "fanyeni kila kitu" hawajaambiwa hivyo. Muulizeni daktari mapema: moyo ukisimama, kuna uwezekano gani wa kurudi, na akirudi atakuwa katika hali gani? Maswali hayo hayamwiti Izraili. Na mgonjwa akiwa bado na fahamu zake, aulizwe yeye kwanza, kabla ya shemeji anayepiga simu kutoka Mwanza.