Likizo ndefu ya watoto watatu: hesabu tuliyoikosea sisi

Umeuliza jinsi familia yenye watoto watatu inavyoweza kuimaliza likizo ndefu ya kiangazi bila wazazi kugeuka madereva na bila watoto kuchoka kabla shule hazijafunguliwa. Mkubwa wako anahitimu shule ya msingi, wa kati ameandikishwa kwenye mashindano ya kandanda, mdogo anaanza kujifunza kuogelea, na juu ya hayo yote mmewaahidi matembezi ya pamoja kila wiki. Hali hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo sisi miaka miwili iliyopita, watoto wetu wakiwa na umri wa miaka 12, 10 na 6. Nitakueleza tulivyofanya, pamoja na mahali tulipokosea, nawe utachukua linalokufaa.

Tulidhani kwamba ratiba ikishapangika kwenye karatasi, kazi imekwisha. Mume wangu alichora kalenda ya wiki tisa, akaibandika kwenye mlango wa jokofu, kila mtoto akiwa na rangi yake, na jioni ile tulijiona wazazi hodari kupindukia. Buluu ya mtoto wa kati ilitawala tangu mwanzo, kwani timu yake ilifanya mazoezi mara tatu kwa wiki na kucheza mechi moja au mbili, lakini hatukuliona hilo kuwa tatizo. Mwenye kipaji aendelezwe, tulisema. Wiki ya nne, asubuhi moja tukifunga kamba za viatu mlangoni, kitinda mimba wetu aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila manung'uniko yoyote: "Leo tunakwenda kumtazama nani?" Usiku nilikaa mbele ya kalenda nikahesabu. Katika siku 21 zilizokuwa zimepita, mtoto yule alikuwa ameketi kando ya uwanja au ukumbini mara 14 akiwatazama wenzake, na mambo yaliyokuwa yake mwenyewe yalikuwa manne tu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio wenye uzito kuliko mwingine wowote, ni kwamba kabla ya kuhesabu saa ambazo kila mtoto atazitumia kwenye mchezo wake, uhesabu zile atakazozitumia kwenye mchezo wa ndugu yake. Sisi tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, tuliacha ile imani kwamba familia inayopendana lazima ihudhurie kila mechi ikiwa kamili. Mzazi mmoja alitosha, na mwingine alibaki na wale wasiocheza. Pili, kila mtoto alipewa nafasi ya kuchagua siku tatu katika likizo nzima ambazo angetaka sote tuwepo, bila udhuru wa kazi wala wa uchovu. Nilitarajia kijana wetu achague nusu fainali na fainali. Badala yake alichagua mechi mbili za kirafiki ambazo kocha alikuwa amemwahidi kumpanga kuwa mlinda mlango, na kwa siku ya tatu akatuomba, kwa aibu kidogo, tusije kwenye mchezo wa Jumapili iliyokuwa inakuja, kwa sababu alijua angeanzia benchi.

Kuhusu hilo la benchi, naomba nikae kidogo, maana wazazi wengi tunaliumia kuliko watoto wenyewe. Kijana wetu amezaliwa mwezi wa mwisho wa mwaka, na katika ligi yake umri unahesabiwa kuanzia Januari, hivyo amekuwa akicheza na wenzake ambao baadhi yao wamemzidi takribani mwaka mzima. Katika umri wa miaka 10, mwaka mmoja ni sehemu kubwa ya maisha, na huonekana kwenye urefu, kasi na hata ujasiri. Jambo hili limechunguzwa: mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba katika hoki ya barafu nchini Kanada, wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi mno kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho, kwa kuwa makocha huchukua ukubwa wa mwili kuwa kipaji na kumpa mwenye mwili huo nafasi zaidi ya kucheza. Nilipomweleza mwanangu kwa maneno mepesi, alifikiri kidogo kisha akasema, "Kwa hiyo si kwamba mimi ni mbovu, ni kwamba mimi ni Desemba." Nilimwacha na tafsiri hiyo.

Kosa letu kubwa kwenye michezo, hata hivyo, lilikuwa la mwili. Katikati ya likizo tulimwongezea kambi ya mafunzo ya wiki mbili, kila siku asubuhi, juu ya mazoezi ya jioni ya timu yake. Alifurahi sana, na sisi tulifurahi kwamba hakai mbele ya runinga. Siku ya tisa alianza kuchechemea baada ya mazoezi, akiushika mguu nyuma, chini ya kifundo. Tulilaumu njumu mpya, tukanunua nyingine, na akaendelea kuchechemea. Daktari alimbonyeza kisigino pande zote mbili kwa vidole, mtoto akaruka, na hakuhitaji kutafuta zaidi: ni ugonjwa wa Sever, ambao licha ya jina lake la kutisha ni uchungu wa sehemu ya kisigino inayokua. Mfupa wa mtoto anayerefuka una sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa kamili, na mshipa mnene unaounganisha misuli ya nyuma ya mguu na kisigino huivuta kila anapokimbia na kuruka; akikimbia kupita kiasi, panavimba. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 8 na 14, na huisha kabisa sehemu ile inapokomaa. Dawa ilikuwa kupunguza kukimbia, kuweka barafu baada ya mazoezi, kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kila siku, na kuvaa viatu vyenye kisigino kilichotulia.

Daktari aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: mtoto huyu anacheza saa ngapi kwa wiki? Nilipojumlisha nilipata 19. Alinieleza kanuni ambayo madaktari wa watoto nchini Marekani huitumia, kwamba saa za mchezo wa kupangwa kwa wiki zisizidi miaka ya umri wa mtoto, na kwamba kila wiki iwe na angalau siku moja au mbili za kupumzika kabisa kutoka kwenye mchezo huo. Kwa mwanetu ingekuwa saa 10. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku, nami nilikuwa nimelichukua pendekezo hilo kama sababu ya kuongeza mazoezi, nikisahau kwamba kukimbizana uani na kupanda miti nako kunahesabiwa. Alikosa mechi tatu. Lililotushangaza ni kwamba wiki hizo ndizo alizozitumia kumfundisha mdogo wake kupiga danadana, yeye akiwa ameketi kwenye kiti, akitoa amri kama kocha mzee. Alisisitiza atumie mpira namba 5 wa wakubwa, wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70, mpaka nilipoutoa namba 3 kutoka stoo na mtoto akafaulu danadana mbili mfululizo.

Mahafali ya binti yetu mkubwa yaliangukia Jumamosi ileile ya nusu fainali. Kwako huenda isitokee, lakini jiandae. Uamuzi wenyewe haukuwa mgumu, kwani nusu fainali zitakuwapo nyingine na shule ya msingi humalizwa mara moja, hivyo sote tulikwenda kwenye mahafali. Tulilokosea ni namna ya kumwarifu kijana. Tulimtangazia mezani kama hukumu iliyokwisha kutolewa, siku moja kabla, na kocha naye hakuwa ameambiwa. Mtoto alilia garini akiwa amevaa shati lake la sherehe, na dada yake akajiona mwenye hatia siku ambayo ilikuwa yake. Mtoto wa miaka 10 anaelewa sababu vizuri kabisa akipewa siku za kuitafakari.

Sherehe yenyewe ilichukua saa tatu, na jina la binti yetu lilisikika kwa sekunde chache. Simu zote zilikuwa hewani, ya kwangu ikiwemo, na picha niliyopata ni ya mgongo wa mzazi mwingine. Ukimwuliza binti leo anakumbuka nini, hatakutajia cheti wala hotuba. Atakuambia juu ya nusu saa baada ya sherehe, ambapo yeye na baba yake walirudi darasani kulisafisha dawati lake, wakatoa vipande vya penseli, barua za marafiki na daftari la darasa la tatu ambalo halijulikani lilifikaje huko. Kama unaweza, usiondoke shuleni haraka.

Ripoti za mwisho wa mwaka tulizisoma na kila mtoto peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Zamani tulizisoma mezani, na nikatambua kwamba mwenye alama za chini alikuwa akisikiliza sauti zetu kuliko maneno yetu.

Jambo moja dogo kuhusu kuhamia sekondari: usilisubirishe hadi wiki ya mwisho. Binti yetu hakuogopa masomo, aliogopa njia, mlango wa kuingilia, na kutokujua vyoo viko wapi. Katikati ya likizo tulitembea naye kutoka nyumbani hadi shule mpya mara mbili, mara ya kwanza tukiwa pamoja, mara ya pili yeye akiwa mbele na mimi nikifuata umbali wa nyumba kadhaa, na hofu ile ilipungua waziwazi.

Sasa kuogelea. Kitinda mimba alianza akiwa hataki kuuweka uso majini, na mwalimu wake, ambaye nampongeza kwa subira, hakumlazimisha. Wiki mbili nzima walipuliza mapovu, wakachota maji kwa vikombe, wakajifunza kulala chali na kuelea. Mimi nilidhani tunapoteza pesa. Kumbe kuelea ndiko msingi, kwa sababu mtoto anayejua kwamba maji yatamshika hatapapatika. Usidanganyike, lakini, kwamba mtoto aliyejifunza yuko salama. Anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono kama tunavyodhani. Huenda chini kimya, kwa muda mfupi sana, hata watu wakiwa karibu. Kwetu sheria ilikuwa kwamba mtu mzima mmoja, anayetajwa kwa jina, anakuwa karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono, simu yake ikiwa kwenye mkoba, na akichoka anakabidhi zamu kwa maneno.

Siku alipoogelea mita 10 bila kushikwa, mimi nilikuwa uwanjani na kaka yake, na baba yake alikuwa kazini. Aliyemshuhudia ni dada yake mkubwa. Mtoto alirudia kesho yake mbele yangu, akaogelea vizuri zaidi, nikapiga makofi, lakini alinieleza kwa uaminifu wote kwamba ile ya kwanza ndiyo ya kweli na kwamba ni ya dada. Niliumia siku mbili hivi. Kisha nikaona kwamba tangu siku ile wale wawili, waliotenganishwa na miaka sita na ambao hawakuwa na mengi ya kuzungumza, walikuwa na jambo lao.

Matembezi nimeyaacha mwisho, nayo ndiyo yaliyotupa taabu nyingi kwa sababu ya kijinga. Safari yetu ya kwanza tuliipanga kubwa: kuondoka alfajiri, kurudi usiku, siku moja baada ya mechi. Watoto walilala garini, wakaamka na hasira, na ugomvi juu ya dirisha ulidumu kuliko matembezi yenyewe. Tangu hapo tuliweka mipaka: nusu siku tu, kamwe si kesho yake baada ya mechi, na anayechagua mahali ni mtoto kwa zamu, sisi tukibaki na haki ya kukataa lililo hatari au ghali. Hapo ndipo matembezi yalipokuwa mazuri, ingawa si kwa namna ningeyapanga mimi. Mdogo alichagua kupanda basi hadi kituo cha mwisho na kurudi, bila kushuka popote, na aliketi mbele muda wote akimwangalia dereva. Wa kati, kisigino kikiwa bado kinauma, alichagua uvuvi na baba yake, na hawakupata hata samaki mmoja.

Binti mkubwa alichagua vimondo. Alikuwa amesoma kwamba kila mwaka, karibu na tarehe 12 na 13 Agosti, dunia hupita katikati ya vumbi lililoachwa na nyotamkia iitwayo Swift–Tuttle, na kwamba vimondo vya Perseidi huonekana kwa macho matupu, hasa upande wa kaskazini wa dunia, baada ya usiku wa manane. Tulitoka nje ya mji penye giza, tukatandika mikeka, tukazima taa zote na kungoja kama nusu saa macho yazoee. Mkubwa alihesabu vimondo 17, kaka yake 15, nami 9 kwa sababu nilikuwa nikiangalia kama watoto wamejifunika. Kitinda mimba alilala kabla ya kile cha kwanza. Asubuhi, tukinywa chai, alitangaza kwamba yeye ameona viwili, vikubwa, na nilimtazama kaka yake, ambaye kwa desturi huwa hapitishi uongo wa aina hiyo hata dakika moja. Alikoroga chai yake, akasema ni kweli, yeye pia aliviona.