Njia yetu ya mikokoni ibebe wageni wangapi kwa siku?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake na wavuvi, jumla watu 26, katika kijiji kimoja cha pwani wilayani Pangani. Tumejenga njia ya mbao ya kuingia mikokoni, urefu mita 240, upana mita 1. Mwisho wake kuna jukwaa la kutazamia ndege linalobeba watu 10. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hufunika kipande cha njia kuanzia saa 8 mchana. Tuna waongoza wageni wawili waliopata mafunzo na choo kimoja. Kiingilio tumefikiria shilingi 5,000. Sasa kampuni moja inataka kutuletea basi la watalii 50 kwa mpigo. Je, tupokee wageni wangapi kwa siku, kiingilio hicho kinatosha, na tujitangazeje?

JIBU: Marahaba, dada katibu. Basi hilo msilipokee. Nalitanguliza kwa sababu najua wapo wenzako wanaoona kulikataa ni kuitupa riziki iliyokuja yenyewe mlangoni. Niliwahi kufanya kazi na kijiji kilichopokea basi la namna hiyo. Wageni walipokosa nafasi kwenye mbao walishuka topeni kupiga picha, wakakanyaga ile mizizi ya mchu, aina ya mkoko, inayochomoza kama vidole. Mizizi hiyo ndiyo pumzi ya mti. Ikivunjwa na tope likishindiliwa, mti hauanguki siku hiyo. Hunyauka taratibu, na mtu wa basi hayupo tena wa kuulizwa.

Tuje kwenye hesabu, maana mnaihitaji mkononi mtakapozungumza na kampuni. Mtindo ninaoufuata ulichapishwa na Miguel Cifuentes huko Costa Rica mwaka 1992. Unaanza na idadi kubwa kabisa inayoweza kuenea mahali, unaipunguza kwa vikwazo vya mazingira, halafu unaipunguza tena kwa uwezo wa wanaosimamia. Yeye alitumia vizidishio. Mimi nahesabu makundi, kwa sababu kikundi chenu kitaweza kuirudia hesabu hii mwakani bila kuniita.

Kundi liwe la wageni 8 na mwongozaji wao. Wakitembea kwa mstari wanachukua kama mita 16. Ongeza mita 64 za ukimya kati yao na kundi la nyuma, wasisikiane wala wasifukuze ndege wa wenzao. Kila kundi basi linahitaji mita 80, na njia yenu ya mita 240 inabeba makundi 3 kwa wakati mmoja. Ziara ikichukua saa moja, na mkifungua saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, ni saa 6: makundi 18, wageni 144. Namba hii ndiyo wengi huishia hapo wakaitangaza.

Sasa bahari. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa 4 asubuhi. Ndiyo maana mbao zenu zinafunikwa mchana. Mnapoteza saa 2 kati ya 6, na kundi lililoko jukwaani maji yakipanda litakuwa limekatiwa njia ya kurudi. Baki na saa 4: makundi 12, wageni 96. Najua siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, njia iko kavu zaidi, lakini kikomo cha kila siku hupangwa kwa siku ngumu, kisipangwe kwa siku nyepesi. Mvua siiingizi kwenye hesabu ya siku kama wengine wanavyofanya. Masika ikishika, mnafunga tu.

Kisha jukwaa. Linabeba watu 10, yaani kundi moja. Mtu aliyetoka mbali kuona ndege humtoi hapo kabla ya nusu saa, kwa hiyo jukwaa linapitisha makundi 2 kwa saa. Kwa saa 4 ni makundi 8, wageni 64. Mwisho, waongozaji. Mtu anayeeleza vizuri, anayejibu maswali na kuwachunga watoto wasiiname kwenye ukingo, huifanya kazi hiyo mara mbili kwa siku. Mara ya tatu anakariri tu. Waongozaji 2 mara 2 ni makundi 4.

Kikomo chenu kwa leo ni wageni 32 kwa siku. Mkifundisha waongozaji wengine wawili na kujenga choo cha pili, mnaweza kupanda hadi 64. Kuvuka hapo kunadai jukwaa jingine, na kwa maoni yangu msilijenge kabla ya kuona misimu miwili imepita salama.

Kuamini hesabu peke yake hakutoshi. Chagueni sehemu tano kando ya njia, mpige vigingi, na kila mwezi katika bamvua mtu yule yule apige picha kutoka pale pale, ahesabu miche ya mikoko iliyoota na matundu ya kaa ndani ya mita moja ya mraba. Miche ikipungua miezi mitatu mfululizo, punguzeni makundi hata kama wageni wanapiga foleni. Na kipande kile kinachofunikwa, kabla ya kukiinua subirini bamvua kubwa la Machi au Septemba, mtie alama maji yalipofika, ndipo mpandishe mbao juu ya alama hiyo. Nguzo msikate humo humo: misitu ya mikoko Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na ujenzi wowote ndani yake unahitaji ridhaa yao kwa maandishi. Kama mlijenga kwa ruhusa ya mdomo, hilo ndilo la kurekebisha kwanza, kabla ya tangazo lolote.

Kiingilio. Nachukua namba za mfano. Badilisheni namba, mpangilio uacheni. Msipige bajeti kwa wageni 32 kila siku, hawatakuja. Tuseme 220 kwa mwezi, katika makundi kama 40. Mwongozaji alipwe shilingi 15,000 kwa kundi: 600,000. Msafi na mlinzi: 200,000. Vifaa vya huduma ya kwanza, maji, simu na vitabu: 135,000. Na njia yenyewe, ambayo watu huisahau: kama iligharimu milioni 12 na itadumu miaka 8, kila mwezi inakula 125,000, ziwekwe benki zisiguswe. Jumla 1,060,000. Kwa kiingilio cha 5,000 mnakusanya 1,100,000. Zinabaki 40,000 kwa watu 26 na kijiji kizima.

Tozeni shilingi 12,000 kwa mgeni wa nje na 3,000 kwa Mtanzania. Wakiwa 140 na 80, ni 1,920,000. Halafu fungu la kijiji likatwe kwenye kila tiketi, tuseme 2,000, kabla ya gharama yoyote, yaani 440,000 kwa mwezi. Baada ya gharama, kikundi kinabaki na 420,000. Nasisitiza kwenye tiketi, si kwenye faida. Faida mtu anaweza kuambiwa haipo; tiketi zilizokatwa kila mwanakijiji anaweza kuzihesabu. Kule kwenye msitu wa Jozani, Unguja, wakulima ambao kima punju hula mazao yao hupata sehemu ya mapato ya viingilio, na ndiyo sababu mnyama yule ana watu wa kumtetea. Kwenu, mwenye kukata mkandaa, mkoko mwingine, kwa ajili ya kuni ndiye anayepaswa kuiona ile 2,000 ikigeuka kitu anachokitumia, kama bomba la maji au dawati. Kiwango na matumizi vipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, viandikwe kwenye muhtasari.

Kujitangaza nitasema kwa ufupi, kwa sababu kazi kubwa ni hiyo hapo juu. Wateja wenu wa kwanza wako jirani: wageni wanaolala ufukwe wa Ushongo na Pangani mjini, na wanaokwenda kisiwa cha Maziwe. Manahodha wa Maziwe wamezoea kuuza safari kwa saa za maji, kwa kuwa kile kisiwa sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kaeni nao, mtoe ratiba moja ya mwezi inayofuata bamvua na maji mafu, ibandikwe kwenye kila hoteli na kutumwa WhatsApp. Wekeni mahali penu kwenye ramani ya Google na picha mlizopiga maji yakiwa yamekupwa, ili anayekuja akute alichokiona. Siku za wiki zilizo tupu zipeni shule, kwa bei ya chini kabisa. Kisha ombeni kuorodheshwa katika mpango wa utalii wa kitamaduni, ulioanza Tanzania mwaka 1995 na ambao umevifikisha vijiji kama Mto wa Mbu kwa wageni wa dunia nzima.

Mwani na nyavu msiviache. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, waliokuwa na bahari ya kurudia walikula.

Kampuni ya basi ijibuni kwa barua: makundi 4 ya watu 8 kwa siku, kwa miadi, malipo siku tatu kabla. Watu wao 50 wanaweza kugawanywa siku mbili, nusu wakienda Maziwe huku nusu wako kwenu, kisha wabadilishane. Wakikubali, wakatieni tiketi zenye namba mfululizo kuanzia 001, na nakala ya kila kitabu ikae kwa mtendaji wa kijiji.