Kabla hujaijaza ritani, zitenganishe pesa

Ndugu, umeuliza uanzie wapi: biashara ina mwaka mmoja, huna mhasibu, tarehe ya ritani, yaani taarifa ya mapato unayoipeleka mamlaka ya kodi, imekaribia, na pesa za biashara na za nyumbani zimepita kwenye akaunti moja. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa hapo hapo ulipo, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Fomu iache kwanza. Hesabu zikiwa tayari, kuijaza ni kazi ya muda mfupi. Chapisha taarifa ya benki na ya pesa za simu kwa miezi yote 12, shika kalamu, pitia mstari kwa mstari. Kila pesa iliyoingia iandikie pembeni ilikuwa ya nini: mauzo, mkopo, au mtaji ulioutia mwenyewe. Mimi sikufanya hivyo. Nilijumlisha yote yaliyoingia nikayaita mauzo, kumbe ndani yake mlikuwa na mkopo. Mkopo si mapato. Nikalipia kodi faida ambayo sikuipata, na kuirekebisha ritani ile kulinichukua miezi.

Unaporejesha mkopo nako, kinachohesabika kuwa gharama ni riba. Deni lenyewe halipunguzi faida. Na kama biashara ni yako binafsi, si kampuni, pesa unayochota kwa matumizi ya nyumbani si gharama ya biashara, hata kama unashinda kazini tangu alfajiri.

Sasa mzigo uliobaki, maana hapa ndipo wengi huharibu. Tuseme ulianza mwaka ukiwa na mzigo wa 200, ukanunua mwingine wa 700, na siku ya mwisho ya mwaka ukahesabu ukakuta umebaki wa 300, kwa bei ya kununulia. Gharama ya ulichouza ni 200 + 700 − 300, yaani 600. Ukiwa umeuza kwa 1,000, faida ghafi ni 400. Humo ndimo unatoa pango, umeme, mishahara na usafiri. Usipouhesabu mzigo siku ile, baadaye utakuwa unakisia. Tena usitarajie kuikuta hiyo 400 yote mkononi: nyingine imelala kwenye mzigo, nyingine iko kwa wateja waliokopa, na kodi hulipwa kwa pesa taslimu.

Kuna nchi ambako mfanyabiashara mdogo hutozwa asilimia ya mauzo bila kuangalia faida. Ulizia mapema uko kundi gani, kwa sababu huko ukikosea hesabu ya mauzo umekosea kodi yenyewe.

Kama umesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ile unayomtoza mteja kwa niaba ya serikali, tafadhali sana, pesa hiyo usiiguse. Chukua kiwango cha 20%. Umeuza kwa 120, kodi ikiwa ndani. Kodi hapo ni 20, siyo 24: gawanya 120 kwa 1.2 upate bei yako ya 100, kinachozidi ndicho cha serikali. Nimeona watu wakipiga 20% ya ile 120 na kulipa zaidi kila mwezi bila kujua. Kosa langu mimi lilikuwa kuizungusha kodi ya wateja kwenye mzigo mpya. Tarehe ilipofika sikuwa nayo, nikauza bidhaa kwa hasara ili nilipe. Tangu hapo nina akaunti ya pili, na kila Ijumaa jioni nahamishia huko kodi ya wiki, pamoja na sehemu ya faida kwa ajili ya kodi ya mapato.

Risiti zako zipige picha siku ile ile unayopewa. Siku moja nilifungua bahasha ya miezi minane nyuma nikakuta karatasi nyeupe tupu. Ukizielekeza kwenye mwanga unaona kivuli tu cha tarakimu. Karatasi zile za mashine huandikwa kwa joto, na joto na mwanga ndivyo vinavyozifuta. Manunuzi niliyoyafanya kweli nikashindwa kuyathibitisha.

La mwisho ndilo ninalokusihi zaidi: peleka ritani kwa wakati hata kama huna pesa ya kulipa, au hukuuza kitu. Katika nchi nyingi adhabu ya kuchelewesha ritani ni moja, na ya kuchelewesha malipo ni nyingine. Mwaka mmoja nilijificha kwa kukosa pesa, zikanipata zote mbili. Mwaka uliofuata hali ilikuwa ngumu vilevile, lakini nilipeleka ritani wiki moja kabla, nikaandika barua ya kuomba kulipa kwa awamu nikiambatanisha taarifa ya benki. Nilikubaliwa awamu nne, na niliimaliza ya mwisho bila kuuza mzigo kwa hasara.