Barua kwa mwanangu: Kuhusu kungoja

Mwanangu mpendwa Rehema,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza iwapo mumngoje mjukuu wangu Saida mpaka akubali mwenyewe kutibiwa ugonjwa huu wa kujinyima chakula, kwa kuwa, kama ulivyoandika, hata baba yako nilimngoja mpaka akawa tayari. Unasema ametimiza miaka 15, nguo zote zinampwaya, anakikata chakula vipande vidogo vidogo mpaka kinapoa, na akigusiwa habari ya daktari anajifungia chumbani. Nitakujibu, lakini kwanza nirekebishe jambo moja ambalo umelijengea swali lako lote: baba yako mimi sikumngoja. Kungoja kulikuja baadaye, nilipokwisha kumkosea.

Nadhani unaukumbuka ule ufunguo niliouvaa shingoni. Ulikuwa na miaka 9, nawe ulikaa chini kwenye korido ukimsomea baba yako kitabu chako cha shule kupitia tundu la kitasa. Nilikuwa nimemwaga kila chupa, nikamfungia ndani, nikiamini kwamba siku chache bila tone la pombe zingetosha kumrudisha kama alivyokuwa. Usiku wa pili nilisikia bilauri ya maji ikigongana na meno yake kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka, nami nikasimama pale pale mlangoni nikajiambia kwamba ni ulevi unamtoka. Kabla ya alfajiri akapatwa na degedege. Wewe ulikuwa umelala wakati huo, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini sauti ya ile bilauri ninayo masikioni hadi leo.

Daktari alinieleza bila kunikemea, na upole wake uliniuma kuliko ambavyo ukali ungeniuma. Alisema ubongo uliozoea kutulizwa na pombe kila siku kwa miaka hujirekebisha ili uweze kufanya kazi hivyo hivyo ukiwa umetulizwa, na pombe ikiondolewa ghafla hubaki umechachamaa bila kizuizi. Degedege huja mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu ambavyo havipo, hata kufa. Watu huogopa zaidi arosto ya heroini, yaani hali ya mwili unapoikosa ghafla, ambayo kwa hakika ni mateso makubwa, lakini ya pombe ndiyo inayoweza kuua ghafla namna hiyo. Walimpa dawa ya kutuliza iitwayo diazepamu, wakaipunguza siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo wake. Nilichotaka kukifanya kwa kitasa, wao walikifanya kwa vidonge na mtu wa kumpima mapigo usiku kucha.

Baadaye tukaenda kwa yule mshauri nasaha, na hapo ndipo kulikuwa na kungoja unakokukumbuka. Nilitarajia amweleze baba yako jinsi ini linavyoharibika na jinsi alivyotuumiza. Badala yake alimuuliza, "Pombe inakusaidia nini?" Nilikaribia kuinuka niondoke. Baba yako alinyamaza kitambo, akasema, "Inanipa usingizi." Mshauri akayarudia maneno hayo hayo taratibu, bila kuongeza lake. Ndipo baba yako, ambaye kwa miaka 6 sikuwahi kumtoa neno isipokuwa la kujitetea, akasema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi hata huo usingizi hauji, na kwamba anachoka kuamka akimwogopa mwanawe. Mimi nilikuwa nimeyasema hayo yote mara mia, lakini yaliposemwa na yeye yakawa yake. Nilikuja kujua kwamba njia hiyo ina misingi iliyoandikwa, kwamba Mmarekani William Miller aliieleza mwaka 1983, kisha akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick, na kwamba kiini chake ni kumsaidia mtu kuzisikia sababu zake mwenyewe za kubadilika, kwa kuwa ukimsukuma hujikuta akiyatetea yale yale unayotaka ayaache. Alianguka tena mara mbili, unajua. Safari zote mbili alirudi kwenye kundi lake la Alhamisi, la walevi wanaosikilizana wao kwa wao, na alifariki akiwa na miaka 11 bila tone. Nimekuwa nikisema tangu hapo, nanyi mmechoka kunisikia, kwamba aibu haijawahi kumponya mtu.

Sasa nikiishia hapo, jibu litakuwa mumngoje Saida, mumuulize kwa upole, mpaka ayaseme yake. Nililiandika jibu hilo juzi, nikalichana.

Nililichana kwa sababu njaa si pombe. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea, wenye afya ya mwili na akili, na mwaka uliofuata akawapunguzia chakula kwa takriban miezi 6 mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana ambao hawakuwa na tatizo lolote na chakula walianza kuota chakula usiku, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kuvuta mlo mmoja kwa saa nzima, kukasirika ovyo na kujitenga na wenzao. Njaa ndiyo iliyowafanya hivyo. Basi unaponiambia Saida anakatakata chakula na kujifungia chumbani, siwezi kujua ni kiasi gani cha hayo ni Saida na ni kiasi gani ni njaa, na naogopa kwamba mnaungoja ubongo wenye njaa ufanye uamuzi ambao njaa yenyewe inauzuia.

Kuna tiba ya familia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, ambayo hufanya kinyume cha kungoja. Wazazi hukabidhiwa chakula chote kwa muda: wanaamua, wanapakua, wanakaa mezani mpaka mlo uishe, uzito ukirudi, mtoto hurejeshewa mamlaka yake kidogo kidogo, na mambo mengine ya moyoni huzungumzwa mwishoni. Utafiti wao wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba iliwafaa hasa vijana ambao ugonjwa haujatimiza miaka 3 tangu uwaanze. Wala hawamtafuti mzazi wa kulaumiwa. Ugonjwa hutajwa kama kitu kilichomvamia mtoto, ili hasira yako ipate pa kwenda pasipo kumwangukia yeye.

Najua utakachosema. Utasema mama yule yule aliyejuta kumfungia mtu mlango sasa anataka mtoto asimamiwe sahani. Nimejiuliza hivyo hivyo usiku kucha. Jibu nililolipata, ambalo silo kamili, ni kwamba mimi nilifunga mlango nikabaki upande wa nje. Mzazi wa mezani anabaki ndani pamoja na mtoto, anatukanwa, anaona machozi, na mlo unaofuata anakaa tena. Na bado aibu haimponyi mtu, hata mezani: usimwambie amekonda, usimwambie amependeza alipoongezeka, usimtajie wenye njaa.

Umetaka niseme mumlaze hospitalini au msimlaze. Ulimi unaniwasha kusema, lakini mimi sijamwona, na niliwahi kuamua mambo ya tiba kwa macho yangu tu. Apimwe kwanza mapigo ya moyo, shinikizo la damu akiwa amelala na akisimama, na damu, kwa sababu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kwa wingi ghafla, madini ya fosfeti katika damu huweza kushuka na moyo ukadhurika. Akizimia au akikataa hata maji, usiniandikie barua, mpeleke hospitali saa ile ile. Kama ni kumpeleka kwa daktari wiki hii bila ridhaa yake, basi hilo nalisema wazi, mpelekeni.

Nitakuja Jumamosi. Nimesikia kwamba saa moja baada ya kula ndiyo ngumu kuliko mlo wenyewe, wakati mtoto anapotaka kukimbilia chooni au kutembea tembea bila kukaa. Niachieni mimi saa hiyo. Nitaleta ule mfuko wa picha za zamani ambazo hazijapangwa, tukae sakafuni yeye na mimi tuzipange, na habari ya sahani sitaigusa.

Mama yako