Kwa mnaoanza kuongoza vikao vya filamu

Wadogo zangu, mnapenda filamu na mnapenda watu, na mnataka vikao ambavyo watu hukaa kimya mbele ya filamu mpaka wastaajabu, hilo halina ubishi. Lakini kila kundi jipya la waongoza vikao likiingia, makosa ni yale yale, kama vile mmerithishana daftari. Filamu ya karibu saa tatu inawekwa saa nane mchana watu wametoka kula pilau. Mapazia hayafiki mwisho wa dirisha. Kompyuta inaleta arifa ya betri juu ya uso wa mtawa anayesali. Na kabla majina ya mwisho hayajaanza kupanda, mtu keshawasha taa ya tyubu na kuuliza: "Haya, mmejifunza nini?" Baada ya hapo ripoti inasema washiriki walikuwa baridi.

Tuyarudie basi, kwa namba, ingawa najua namba hazitakaa kwenye mstari.

1. Itazame filamu yote wewe mwenyewe kwanza, kwenye kioo kile kile na spika zile zile.

2. Usianze na mlima mrefu. Die große Stille (yaani "Ukimya Mkuu") ya Philip Gröning (2005), inayoonyesha maisha ya watawa wa monasteri ya Grande Chartreuse kwenye milima ya Alps huko Ufaransa, ina dakika 162, haina msimulizi, na maneno yake ni machache mno. Ni filamu kubwa, lakini kumpa mtu asiyezoea ni kumfukuza. Kikao cha kwanza kipe dakika 20 tu. Sehemu ya mwanzo ya 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick (1968) inafaa sana, kwa kuwa hakuna neno linalotamkwa mpaka kama dakika ya 25. Kikao cha pili au cha tatu weka Baraka ya Ron Fricke (1992), saa moja na nusu na ushee, iliyopigwa katika nchi 24 kwa mkanda wa milimita 70. Haina mazungumzo hata kidogo, kwa hiyo hakuna maandishi ya tafsiri. Faida hiyo msiidharau: macho yanayosoma mstari wa chini hayatazami picha.

Karibu na mwanzo wa Baraka kuna kima wa Japani amekaa ndani ya chemchemi ya maji moto, theluji imemzunguka, mvuke unampita usoni. Kamera haimwachi. Anatazama kando, macho yanalegea, yanafumba. Kisha tunapelekwa kwenye anga la nyota. Hapo ndipo mwongoza kikao mchanga huanza kujigeuza kwenye kiti akidhani watu wamechoka, na wengine huthubutu kupeleka mbele. Jamani. Picha ile inawafundisha watu mwendo wa kuitazama filamu nzima. Ukiiruka, saa nzima inayofuata watazamaji wataitazama kwa mwendo wa matangazo ya biashara.

3. Nakala. Filamu ya Carl Theodor Dreyer kuhusu Joan wa Arc, mtakatifu wa Kifaransa, ya mwaka 1928, ni ya kimya, na sehemu kubwa ni uso wa mwigizaji Falconetti kwa karibu kabisa. Negativu yake ya kwanza, yaani mkanda wa asili unaotolewa nakala, iliungua, na kwa zaidi ya miaka hamsini watu walitazama nakala za kuungaunga, mpaka mwaka 1981 nakala nzuri ya toleo la awali ilipopatikana ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Norwei. Wakati wote huo hadithi ilikuwa ile ile, lakini uso haukuwa ule. Basi nanyi msiniletee faili lililobanwa mpaka ngozi ya mtu imekuwa vipande vya mraba, halafu mseme "si inaonekana tu?" Na filamu iliyotiwa sauti na DJ ina raha yake ya pekee, hasa mkiwa wengi kibanda umiza. Iwekeni siku nyingine.

4. Kioo. Televisheni nyingi hutoka dukani zikiwa zimewashwa kitu cha kulainisha mwendo: Samsung hukiita Auto Motion Plus au, kwenye zile mpya, Picture Clarity, LG hukiita TruMotion, Sony hukiita Motionflow. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni ikiziona chache, inabuni nyingine za katikati, na matokeo yake kanisa la karne nyingi linaonekana limepigwa jana na kamera ya sherehe ya harusi. Ingia kwenye mipangilio ya picha, zima. Kama kuna hali ya picha iitwayo Filmmaker Mode, chagua hiyo, itazima mengine yote kwa pamoja. Ondoa pia hali ya rangi kali inayoitwa Dynamic au Vivid. Mistari myeusi juu na chini iacheni, msivute picha ijae kioo. Mwongozaji aliipima picha yake, si bati la kuezekea.

Umbali: zidisha upana wa picha kwa 1.9, hapo ndipo pa kukaa. Televisheni ya inchi 55 ina upana wa kama sentimita 122, kwa hiyo viti viwe kama mita 2.3. Kitambaa cha projekta cha mita 2 kinataka mita 3.8. Tunaowaona wanaweka watu mita 6 mbele ya televisheni ya inchi 43 wanashangaa kwa nini hakuna aliyeona ukubwa wa kitu chochote. Ukubwa ndio nusu ya shughuli, tutarudi hapo.

Giza lisiletwe kwa pigo moja. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, kwa hiyo punguza taa mapema watu wakiwa bado wanaingia. Ziba kwa solotepu nyeusi vitaa vidogo vya spika, vya ekstensheni na vya king'amuzi. Mablanketi madirishani hufanya kazi vizuri kuliko mapazia.

5. Sauti. Watu huipima kwa tukio lenye kelele, na hapo ndipo wanapokosea. Tafuta tukio la kimya kuliko yote, pandisha sauti mpaka mtu wa safu ya nyuma asikie mvua au nyayo, kisha usiguse tena. Spika ziwe mbele, chini au pembeni mwa picha. Projekta yenye feni ya kelele isikae katikati ya watu. Na paa la mabati wakati wa masika lina filamu yake lenyewe, hamtashindana nalo. Ahirisheni.

6. Simu: kapuni, nje ya chumba, si mfukoni "kwenye mtetemo".

7. Maneno ya kabla yasizidi dakika mbili, kisha dakika tatu za kukaa kimya. Waambie mambo matatu tu. Miguu chini, mabega yashuke, pumzi iende yenyewe. Akili ikitangatanga, na itatangatanga, irudishe kwenye kitu kimoja kilichopo kwenye kioo: mwanga unatoka upande gani, au sauti ya mbali kuliko zote ni ipi, au kamera inakwenda au imesimama. La tatu, kuchoka kutakuja kama dakika ya 15 hadi ya 20, na hakuna ubaya. Basi, kaa.

Usiwaambie filamu inahusu nini kiroho. Usiwaahidi watalia. Mwaka 2003 wanasaikolojia Dacher Keltner na Jonathan Haidt waliandika kwamba mastaajabu ya aina hii yana nguzo mbili: kukutana na kitu kikubwa kupita kipimo chako, na akili kukosa pa kukiweka mpaka ijipange upya. Nguzo ya kwanza tumeishughulikia kwa viti, giza na spika. Ya pili haina waya wala rimoti, na ndiyo mnayoivunja kwa midomo yenu. Ukishamwambia mtu "hapa mtawa anawakilisha unyenyekevu", akili yake imeshapewa kabati la kukiwekea kile kitu kabla hajakiona. Atakiweka kabatini na kufunga mlango.

8. Sasa lile kosa lenyewe. Nalirefusha kwa makusudi, kwa kuwa hili ndilo linaloua vikao vilivyoandaliwa vizuri kuliko vyote.

Filamu imeisha. Kwa Gröning, kwa mfano, watu wamekaa karibu saa tatu na watawa wanaokata kitambaa cha kanzu, wanaowalisha paka, wanaoteleza kwenye theluji wakicheka kama watoto wa shule. Wamemsikia mtawa mzee kipofu akizungumza kwa utulivu. Wametazamana ana kwa ana na nyuso zinazoikabili kamera bila kusema neno. Gröning aliomba ruhusa mwaka 1984 na akasubiri kama miaka 16 kujibiwa, kisha akaingia peke yake, bila wasaidizi na bila taa za kuongezea. Mtu mmoja amesubiri miaka 16, na mwongoza kikao wetu ameshindwa kusubiri dakika mbili.

Taa ya tyubu inawaka. Macho yaliyofunguka gizani yanaumia, mikono inapanda kuyaziba. Waliokuwa na machozi wanajifuta haraka kwa aibu. Kisha lile swali. "Mmejifunza nini" ni swali la darasani, na watu wazima wakiulizwa swali la darasani hurudi darasani. Anajibu wa kwanza, ambaye ni mwepesi wa maneno kuliko wote: "Nimejifunza uvumilivu." Kichwa kinatikiswa kwa kukubali. Wa pili anajifunza uvumilivu na maombi. Wa tatu uvumilivu, maombi na kuheshimu wakubwa. Kufika wa sita kila mtu anaamini hicho ndicho alichokiona. Yule wa kona ambaye kitu kilimpata kweli, mwili ukamsisimka na hajui kwa nini, hana sentensi. Hatanyoosha mkono. Na kwa kuwa wenzake wote wana sentensi, ataondoka akidhani yeye ndiye hakuelewa.

Lifuatalo ndilo la kufanya, na mlifanye kwa mpangilio huu.

Majina yapande mpaka ya mwisho. Kama mnatumia huduma ya mtandaoni, zimeni mapema ile hali ya kucheza filamu inayofuata yenyewe. Kioo kikiwa cheusi, hesabu dakika mbili kwa saa ya mkononi, maana kwa kubahatisha utaishia sekunde 30 ukidhani ni mwaka. Washa taa moja ndogo, nyuma ya watu. Mwenye kutaka maji anywe. Gawa nusu karatasi na penseli, dakika tano, swali moja: picha gani moja imebaki? Si mbili. Anayetaka kuchora achore. Kisha wawili wawili, kila mmoja dakika tatu, mwenzake akisikiliza tu. Ndipo kundi zima, na maswali yafuate ngazi: uliona nini, ulisikia nini, mwili ulifanya nini. Maana ije mwisho, au kesho yake, au isije kabisa.

Mtu akisema "mimi sikuhisi chochote", mshukuru na upite, usimtibu. Anayelia aachwe alie, kitambaa kiwe karibu, mkono wako ukae kwako. Na katika chumba chenye Waislamu, Wakristo na wasiosema dini yao, usifunge kwa dua ya upande mmoja ukidhani wote mmefika pale pale. Mwenye kusema "Subhanallah" ameshasema, mwenye kunyamaza vilevile.

9. Ajabu ina uso wa hofu pia. Baraka ina kiwanda cha vifaranga kinachoonyeshwa sambamba na watu wanaomiminika kwenye treni na ngazi za umeme. Kuna wanaochafuka roho. Taja hilo mapema kwa sentensi moja na uonyeshe mlango ulipo.

10. Wanaosinzia. Waacheni, isipokuwa anayekoroma, huyo mguseni bega. Abbas Kiarostami, mwongozaji wa Iran, alisema kuna filamu zilizomlaza usingizi ukumbini, na filamu hizo hizo zikamkosesha usingizi usiku. Kuna elimu nzima juu ya ukimya huu: Mmarekani Paul Schrader mwaka 1972 aliandika juu ya waongozaji Ozu, Bresson na Dreyer, akaonyesha jinsi wanavyomnyima mtazamaji vionjo, siku za kawaida zikifuatana bila chumvi, mpaka jambo moja linapopasuka na picha ikasimama. Ordet ya Dreyer (1955) huwezi kuelewa uzito wa mwisho wake kama umeikatakata. Mwisho wenyewe siutaji.

11. Ratiba: msipite juu ya Magharibi wala Isha, wala masifu ya jioni. Saa mbili na nusu usiku, chakula chepesi, hakuna krispi za pakiti. Filamu moja kwa mwezi inatosha, na ile ile kurudiwa baada ya mwezi ni bora kuliko mpya.

12. Umeme. Faili liwe ndani ya kompyuta, si kwenye mtandao, na arifa na hali ya kulala vizimwe. UPS ndogo (betri ya akiba ya umeme ukikatika) huokoa kompyuta, lakini projekta mara nyingi huishinda nguvu, kwa hiyo jaribuni kabla. Ukikatika, watu wabaki walipo gizani, asiwashe mtu tochi ya simu (simu ziko kapuni, au siyo?). Ukirudi ndani ya dakika kumi, rudisha filamu nyuma dakika mbili na uendelee. Ukizidi hapo, fungeni kikao, mtaanza upya wiki ijayo tangu picha ya kwanza. Na katika hiyo wiki, asiwepo wa kuandika kwenye kundi la WhatsApp jinsi inavyoisha.