Maswali Yenu ya Sinema: Mithun wa Disco Dancer ana tuzo gani hasa?

Toleo lililopita tulitaja kwa mstari mmoja tu kwamba Mithun Chakraborty, yule muigizaji wa India, ana Tuzo za Taifa za Filamu tatu, zile zinazotolewa na serikali ya kule, basi meseji zikaanza kumiminika, wengine wanauliza kwa adabu, wengine wanatutukana kabisa. Leo tunajibu hizo za tuzo tu.

Anko mhariri, mambo vipi. Mmesema Mithun ana tuzo tatu za taifa. Mimi huyu jamaa namjua kwa kukata disko na kupiga watu mateke, hebu acheni utani, kapewa kwa muvi gani? Au ndo zile za kuhurumiwa mtu akishazeeka?
*Mpenzi wa muvi za zamani*

Poa ndugu yangu, na hakuna utani hapo. Tena ya kwanza hakuipata uzeeni, kaipata kwa muvi yake ya kwanza kabisa, Mrigayaa ya mwaka 1976, wakati huo Disco Dancer hata haijaota. Muongozaji alikuwa Mrinal Sen, mzee wa Calcutta ambaye mambo ya steringi kumkimbiza binti bustanini huku wanaimba hayakuwa fani yake. Humo Mithun ni Ghinua, kijana mwindaji wa kabila la msituni enzi za Waingereza, anazoeana na bwana mkubwa wa kizungu kwa sababu wote wawili wanapenda kuwinda, na anajua kabisa kwamba ukileta mnyama mkubwa unapewa zawadi. Sasa mkopeshaji wa pale kijijini, mtu aliyewanyonya wanakijiji miaka yote, anamchukua mke wa Ghinua. Ghinua anamuua halafu anakwenda mwenyewe kwa mzungu, kifua mbele, akiamini leo kaua mnyama hatari kuliko wote na zawadi yake itakuwa nono. Anachopata ni kitanzi. Hakuna disko, hakuna teke, ni uso wa kijana asiyeelewa kakosea wapi, na majaji wakampa tuzo ya muigizaji bora wa India nzima akiwa ndo kwanza anaanza kazi.

Ya pili ni Tahader Katha ya mwaka 1992, ya Kibengali, kaongoza Buddhadeb Dasgupta. Anacheza mpigania uhuru aliyetoka jela akakuta nchi imeshapata uhuru ila yeye akili imeshavurugika na waliokuwa wenzake wana mambo yao mengine. Ya tatu ni Swami Vivekananda ya 1998, humo si muhusika mkuu, kacheza Ramakrishna, yule mtakatifu wa Kihindu wa Bengal, akashinda kama muigizaji msaidizi.

Kwa nini wengi hatukuzijua? Kwa sababu muvi hizo hazikuwa na njia ya kutufikia, muvi ya sanaa inaonyeshwa kwenye kumbi chache na matamasha basi imeisha, wakati Disco Dancer ya 1982 na zile nyimbo za Bappi Lahiri ilisambaa mpaka Umoja wa Kisovieti, kule mamilioni na mamilioni ya watu walikata tiketi kumuona Jimmy, yule steringi anayechezwa na Mithun, na gitaa lake. Mtu yuleyule mmoja, lakini sisi tulipata upande mmoja tu. Na yeye mwenyewe akatusaidia kumsahau upande wa pili maana alifanya muvi kama hana usingizi, mwaka 1989 peke yake zilitoka 19 yeye akiwa steringi.

Kuhusu uzeeni, ipo kweli moja ya heshima ya maisha, Dadasaheb Phalke, ilitangazwa mwisho wa Septemba 2024 na akakabidhiwa na Rais Droupadi Murmu tarehe 8 Oktoba pale Delhi, mzee kapanda jukwaani mkono umefungwa kitambaa maana alikuwa ameumia. Kama hujaiona ile hotuba yake itafute. Alisema baada ya ile tuzo ya kwanza kichwa kilivimba, akaanza kujiona Al Pacino, yule staa wa Hollywood, anawaletea maprodyuza mapozi, mpaka mmoja akamfukuza ofisini na akili ikarudi. Halafu akasema jambo ambalo mie ndo lilinigusa zaidi, kwamba alikuwa anaambiwa mtu wa rangi yake nyeusi hawezi kuwa staa wa muvi za Kihindi, akawaza afanyeje, akaamua atacheza kwa miguu kiasi kwamba watu watakodolea miguu wasahau rangi. Yani disko lote lile tulilokuwa tunaliiga, kumbe mwenzetu alikuwa anajificha mule mule.

Je, Mithun ana Filmfare ya muigizaji bora?
*Nauliza tu*

Hana hiyo ya jarida la sinema la Mumbai. Ana ya muigizaji msaidizi kwa Agneepath na ana ya adui bora kwa Jallaad ya 1995, ile ya steringi mkuu haijawahi kumfikia.

Na hapo kwenye Agneepath ya mwaka 1990 pana kitu kizuri, maana ni muvi moja iliyotoa tuzo mbili kwa watu wawili kutoka kwa majaji wawili tofauti. Amitabh Bachchan anacheza Vijay Chauhan, jambazi mwenye hasira za baba yake aliyeuawa, akabadilisha sauti kabisa ikawa ya kukwaruza, na watazamaji hawakuipenda, wengine wakadhani spika za ukumbi ni mbovu. Muvi haikufanya biashara ya maana. Mithun yeye kacheza Krishnan Iyer M.A., muuza madafu, mchangamfu, anaongea Kihindi cha mtu wa kusini, watu wakacheka wakampenda. Sasa Filmfare ikampa Mithun ya muigizaji msaidizi, na ya muigizaji bora mwaka ule ikaenda kwa Sunny Deol kwa Ghayal. Lakini majaji wa serikali kule Delhi wakaichukua ile sauti ileile iliyolalamikiwa wakampa Amitabh Tuzo ya Taifa, yake ya kwanza kama muigizaji bora. Baadaye akaongeza Black, Paa na Piku zikawa nne, na hakuna muigizaji wa kiume aliyemfikia kwenye hiyo.

Kwa hiyo ukisikia staa kashinda, kabla hujashangilia uliza kwanza nani kampa. Filmfare ni ya jarida la Mumbai na inaangalia sinema za Kihindi, Tuzo ya Taifa ni ya serikali, majaji wanajifungia wanaangalia muvi za lugha zote za India, na wao kumbi zilijaa au hazikujaa si shida yao sana.

Anko, mdogo wangu anabisha kwamba Shah Rukh Khan hana Tuzo ya Taifa hata moja, mimi namwambia jamaa ana matuzo mpaka hayana pa kuwekwa. Tumegombana hatusalimiani. Tuamulie.
*Dada mtu*

Msalimie mdogo wako, maana mpaka katikati ya 2025 alikuwa sahihi kabisa, kachelewa tu kupata habari. Shah Rukh alianza sinema mwaka 1992 na Deewana, akachukua Filmfare ya muigizaji bora mara nane, idadi sawasawa na Dilip Kumar, lakini ile ya taifa ikawa inampita kila mwaka. Tarehe 1 Agosti 2025 ndo akatangazwa, kwa Jawan ya 2023, na hakupewa peke yake, kagawana na Vikrant Massey wa 12th Fail. Siku ile akatoa video ya kushukuru, mkono mmoja umefungwa kwa sababu ya jeraha, akatania kwamba ile staili yake ya kufungua mikono leo itakuwa nusu tu.

Mie nimefurahi kapata ila sitaki kujifanya, Jawan siyo muvi niliyoitegemea. Ni muvi tamu, anacheza baba na mtoto, risasi, treni, kila kitu kipo. Ila mtu aliyeangalia Swades, muvi yake ya 2004, anajua ni ipi iliyostahili. Mule ni injinia wa NASA anarudi India kumtafuta yaya aliyemlea, na kuna ile sehemu yuko kwenye behewa, treni inasimama stesheni, mtoto anauza maji kwenye vikombe vya udongo, anayanunua anayanywa. Mtu ambaye tangu aingie nchini anatembea na chupa zake za maji! Hasemi neno, macho yanajaa tu. Kwa kazi ile Filmfare ilimpa, ya taifa ikaenda kwa Saif Ali Khan kwa Hum Tum, muvi ya mapenzi na vichekesho, na maneno hayajaisha mpaka leo.

Halafu angalia ilivyojigeuza. Swades haikuuza tiketi, Filmfare wakampa, serikali ikamnyima. Jawan imevunja rekodi za mauzo, Filmfare wakampa Ranbir Kapoor kwa Animal, serikali ikampa yeye. Kwa hiyo hata mie niliyesema majaji wa Delhi hawaangalii kumbi, mwaka huo walinichanganya.

Mpigie mdogo wako simu bwana.

Eti ni kweli tuzo zinanunuliwa?
*Msomaji asiyependa kutajwa*

Moja tunaijua kwa sababu aliyeinunua kasema kwa mdomo wake. Rishi Kapoor kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka 2017 aliandika kwamba Filmfare ya muigizaji bora aliyopata kwa Bobby, muvi ya 1973, kuna mtu alimwambia anaweza kumfanyia mpango, naye kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwenye pesa na kiherehere, akatoa rupia 30,000. Akasema amejutia. Na mwaka huo Amitabh alikuwa na Zanjeer, ndo ile iliyomtoa, na Rishi aliandika kwamba anahisi mwenzake alinuna muda mrefu kwa ajili ya hilo. Zaidi ya hapo tukisema tutakuwa tunabuni.

Padma ni tuzo ya filamu au? Naona Amitabh anayo, Mithun anayo, Shah Rukh anayo.
*Mwanafunzi*

Hapana, hiyo ni nishani ya nchi, inatangazwa kuelekea Siku ya Jamhuri tarehe 26 Januari na wanapewa madaktari, wanasayansi, wakulima, wanamuziki, yeyote. Ina ngazi: Padma Shri, juu yake Padma Bhushan, juu yake Padma Vibhushan, na kileleni kabisa ipo Bharat Ratna, ambayo yenyewe siyo Padma. Shah Rukh alipewa Padma Shri 2005, Mithun Padma Bhushan 2024, Amitabh kapanda Padma zote tatu, 1984, 2001 na 2015. Haina pesa ndani yake, unapewa hati yenye saini ya Rais na medali. Tena huruhusiwi kuiweka mbele ya jina lako kama cheo, Mahakama ya Juu ya India ilishalisema hilo, kwa hiyo ukiona bango limeandikwa Padma Shri fulani jua kuna mtu kajisahau.

Na tahadhari moja nyingine. Dadasaheb Phalke ya serikali, ile iliyoanza 1969 na Devika Rani akawa wa kwanza kupewa, kila mwaka wake ina mtu mmoja na ni ya kazi ya maisha yake yote. Kuna hafla za watu binafsi zimechukua jina la Phalke hilo hilo na zinagawa trofi kwa mastaa kumi na zaidi usiku mmoja. Picha zao ndo zinazunguka mitandaoni watu wanapongezana. Ukiona staa wa miaka thelathini kashika Phalke, siyo hiyo.

Aamir Khan mbona haonekani kwenye hizi sherehe? Ana maringo?
*Nipo nipo*

Maringo au msimamo, chagua mwenyewe, ila kwa kawaida haendi tangu miaka ya tisini. Stori inayosemwa ni kwamba alikasirika muvi yake Rangeela ilipokosa na Filmfare ikaenda kwa Shah Rukh kwa Dilwale Dulhania Le Jayenge. Cha kuchekesha wao hawajamnunia, wameendelea kumpa, Raja Hindustani, Lagaan, mpaka Dangal. Na ilipofika Oscar 2002 na Lagaan imo kwenye tano bora za muvi za kigeni, alisafiri mpaka Los Angeles akakaa ukumbini na suti yake kama wengine, muvi ya Bosnia ikashinda. Alipoulizwa alijibu kwamba kule alikwenda kuitangaza muvi yake. Jibu la mfanyabiashara hilo, na mie nalikubali.